Yaya, Daktari na Ujira

Katika riwaya za mapenzi ya hospitalini zitolewazo na Mills & Boon, kampuni iliyoasisiwa London mwaka 1908, daktari aleaye mtoto peke yake aghalabu huajiri yaya; mtoto humpenda yaya kwanza, baba akafuatia. Ndoa ikikaribia, ujira hausemwi tena: kazi imegeuzwa mapenzi. Charlotte Brontë hakupita njia hiyo. Katika *Jane Eyre* (1847), mwalimu wa nyumbani alipwaye pauni 30 kwa mwaka humdai bwana wake mshahara waziwazi, na haolewi naye mpaka apate urithi wake mwenyewe. Hurudi kwa hiari, ilhali angeweza kutorudi. Riwaya imnyimayo yaya hiari hiyo humponya mtoto na baba, ikamwacha yaya bila tiba.