Kunyanyua, Kuhamisha au Kuvusha? Maoni juu ya Istilahi za Kumhudumia Mgonjwa Asiyejiweza

Miongoni mwa orodha za istilahi tulizoletewa ili tuzitazame kabla ya kusanifishwa, imo moja iliyotushughulisha kuliko nyingine. Inahusu kazi ya kuwainua wagonjwa na kuwatoa mahali pamoja hadi pengine bila ya kuwaumiza. Orodha hiyo imeambatanishwa na karatasi ya maelekezo ambayo ilikwisha kubandikwa ukutani katika zahanati moja ya mlimani, upande wa Old Moshi. Waliotunga hatutawataja, kwani nia yetu si kumwaibisha mtu bali ni kuyapima maneno. Tena kazi yao ina mema mengi. Hawakuona haya kuandika *breki*, neno ambalo kila dereva analijua, wala hawakujitaabisha kubuni jina jipya la *shuka*. *Mkanda wa kushikia* ni istilahi safi inayojieleza yenyewe.

Hata hivyo, ziko kasoro ambazo hatuna budi kuzieleza, kwa sababu istilahi mbovu katika fani hii haimpunguzii mwanafunzi alama tu. Humvunja mtu mgongo.

Tuanze na neno *kuhamisha*. Watungaji wamelitumia kwa kila mwendo wa mgonjwa: kugeuzwa ubavu, kusogezwa juu ya mto, kutolewa kitandani na kuketishwa kitini. Katika karatasi yao imeandikwa: "Mgonjwa asiyejiweza ahamishwe kila baada ya saa 2." Waliokusudia kusema hivyo walikuwa wakifikiria vidonda vya mgandamizo, ambavyo wengi huviita vidonda vya kitandani. Hivyo hutokea pale ngozi inapobanwa muda mrefu kati ya mfupa na godoro, damu ikakosa njia. Dawa yake ya kwanza ni kumgeuza mgonjwa mara kwa mara, na saa 2 ndicho kipimo kilichozoeleka.

Lakini Mtanzania akisikia *kuhamishwa* anafikiri nini? Mwalimu huhamishwa kutoka Moshi kwenda Singida. Mgonjwa huhamishwa kutoka wodi hii kwenda wodi ile, au kutoka zahanati kwenda hospitali kubwa. Tulipofika katika zahanati hiyo, mama mmoja aliyekuwa akimuuguza baba yake alitueleza kwamba aliisoma karatasi vizuri, akangoja wauguzi waje wamhamishe mzee. Hawakuja, naye hakuthubutu kumgusa. "Kama wangeandika nimgeuze," alisema, "ningemgeuza tangu siku ya kwanza." Mzee alikwisha kupata kidonda kwenye nyonga. Hatuhitaji hoja nyingine juu ya neno hilo. Kitenzi *kugeuza* kilikuwapo, mama alikijua, na watungaji walikiacha.

Kasoro ya pili imo katika kichwa chenyewe cha orodha: *Unyanyuaji wa Wagonjwa*. Wanyanyuao ni wanamichezo wa vyuma. Neno hilo linampa mwanafunzi picha ya mtu mwenye misuli anayekishinda kitu kizito kwa nguvu zake, na picha hiyo ndiyo ambayo elimu ya leo inataka kuiondoa. Mwaka 1967 Shirika la Kazi la Kimataifa lilipitisha mkataba juu ya uzito wa juu wa mizigo inayobebwa na wafanyakazi, na pendekezo lililofuatana nao lilitaja kilo 55 kwa mwanamume mzima. Lakini gunia halijipindi, halishtuki, wala halimkamati mchukuzi shingoni. Ndiyo sababu mwaka 2007 mtaalamu wa Marekani, Thomas Waters, alipendekeza kwamba muuguzi asiinue kwa mikono sehemu ya uzito wa mgonjwa inayozidi ratili 35, yaani karibu kilo 16. Mgonjwa wa kilo 60, hata akishikwa na watu wawili wanaogawana sawasawa, humwachia kila mmoja kilo 30. Hiyo ni karibu mara mbili ya kipimo hicho. Kwa hiyo fundisho la kwanza si namna ya kunyanyua, bali ni namna ya kuepuka kunyanyua. Istilahi inayoiita fani nzima *unyanyuaji* inapingana na fani yenyewe.

Tatu, orodha inamwita mgonjwa *mzigo*. Watungaji watasema kwamba neno hilo hutumika katika elimu ya mwendo, na hilo ni kweli. Ila katika Kiswahili mtu akiambiwa kuwa ni mzigo ametukanwa, na mgonjwa aliyelala miezi 3 ana hofu hiyo hiyo moyoni. Wazee walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Nasi tunaogopa kwamba aliyeketi ofisini akaandika *mzigo* hakuuhisi uzito wa neno hilo kwa yule anayelisoma akiwa kitandani. Yatosha kusema *uzito wa mgonjwa*.

Sasa, mtu hakosoi nyumba ya mwenziwe bila ya kuonyesha pa kuweka nguzo. Kiswahili hakina upungufu wa vitenzi katika jambo hili. Watu waliobeba maji, kuni, ndizi na watoto kwa karne nyingi wameyapa matendo hayo majina yao moja moja. Mtoto huelekwa mgongoni, hupakatwa magotini. Mzigo hutwikwa kichwani, kisha hutuliwa. Tazama uzuri wa vitenzi hivi viwili vya mwisho. Mwanamke anayerudi sokoni kwa njia ya mteremko wa kihambani husema, "Nitwike," au "Nitue," na katika neno hilo moja wamo watu wawili, kila mmoja na wajibu wake. Huo ndio moyo wa fani tunayoizungumzia: mgonjwa na msaidizi hushirikiana, na mgonjwa huulizwa kwanza anaweza nini mwenyewe.

Tunapendekeza basi matendo yatenganishwe hivi. *Kugeuza* ni kumlaza mgonjwa ubavu mwingine hapo hapo alipo. Aliyeumia uti wa mgongo *huviringishwa kama gogo*, shingo na kiwiliwili vikienda pamoja, na kazi hiyo huhitaji watu kadhaa, mmoja wao akiwa kichwani. *Kusogeza* ni kumpandisha au kumshusha juu ya kitanda kile kile. *Kutelezesha* ni kumpitisha kutoka kitanda hadi kitanda kwa shuka au ubao laini, pasipo kumwinua. *Kuhamisha* kubakie na maana yake ya kubadili wodi au hospitali.

Kwa mwendo wa kutoka kitandani hadi kitini tunaleta neno *kuvusha*. Kati ya kitanda na kiti pana pengo, na ajali nyingi hutokea katika pengo hilo. Anayemvusha mwenziwe mto huangalia kwanza pa kukanyaga. Vivyo hivyo msaidizi hufunga breki za kitanda na za kiti, husogeza kiti karibu, hutanua miguu, hukunja magoti na wala si mgongo, kisha huzungusha mwili mzima kwa miguu bila ya kujipinda kiuno. Twajua kwamba *kuvusha* hutumika pia kwa watu wa magendo mipakani. Hilo halitutishi, kwani muktadha wa wodi ni mwingine kabisa.

Kuhusu mashine ya kumwinua mgonjwa kwa kombeo la kitambaa, orodha imependekeza *kiinuamgonjwa*. Neno hili halina kosa la sarufi, lakini ni refu, na katika haraka ya wodi litakatwa. Mabaharia wetu wana kitenzi *kutweka*, kinachotumika kwa tanga na bendera, na wafanyakazi wa bandari wana *winchi*. Tunaona *winchi ya wagonjwa* itaeleweka Tanga na Moshi pia, na kitendo chake kiitwe *kutweka*.

*Machela* tunaiunga mkono. Neno hili, linalohusishwa na Kireno, zamani lilitaja kile chombo walichobebewa wakubwa mabegani mwa wapagazi. Leo limekuwa la wagonjwa, na hayo ni maendeleo. Orodha inaitafsiri kuwa "kitanda kinachobebwa na watu wawili." Tafsiri hiyo ni finyu. Katika Mlima Kilimanjaro wapandaji waliozidiwa huteremshwa kwa machela ya gurudumu moja, inayosukumwa na kuzuiliwa na watu kadhaa katika njia ya mawe, nayo bado huitwa machela. Afadhali isemwe: chombo cha kumchukulia mgonjwa akiwa amelala, kiwe kinabebwa au kina gurudumu.

Neno la mwisho ni juu ya sentensi. Karatasi imejaa kauli ya kutendwa: mgonjwa ashikwe, ainuliwe, aketishwe. Nani ashike, na ashike wapi? Pameandikwa tu "ashikwe vizuri," na msaidizi asiyefundishwa humshika kwapani, jambo ambalo kwa aliyepooza kwa kiharusi laweza kulitegua bega. Vilevile pameandikwa "wahesabu hadi tatu," bila ya kusema kama nguvu hutolewa kwenye tatu au baada yake. Wawili wasipokubaliana hapo, mmoja hubaki na uzito wote. Yaandikwe maneno wazi: "Mmoja aongoze. Hesabuni: moja, mbili, *vuta*."

Moshi ina hospitali ya rufaa ya KCMC tangu mwaka 1971, na wagonjwa hufika huko kutoka mikoa mbalimbali, kila mmoja na lugha ya nyumbani kwao. Kinachowakutanisha wodini ni Kiswahili. Lakini wagonjwa wengi zaidi wamo nyumbani, mikononi mwa mabinti na wajukuu ambao hawakusoma uuguzi, na hao ndio wasomaji wa kweli wa karatasi za namna hii. Istilahi ikimfaa mtaalamu peke yake, imefanya nusu ya kazi.

Tunawarudishia watungaji orodha yao kwa heshima, na tunawaomba waitengeneze upya wakiwa pamoja na wauguzi na wale wanaouguza majumbani. Wasomaji nao watuletee vitenzi vya kwao vinavyotajia kazi hii, hasa wale waliowahi kumgeuza mgonjwa usiku wa manane.