Chakula cha Kupewa na Chakula cha Kutafuta

Katika masimulizi ya Waswahili kuhusu safari, chakula huja na mwenyeji. Msafiri hufika, hupokewa, huandaliwa, kisha huandika alichoandaliwa. Mtindo huo tunauona hata kwa wageni walioutembelea mwambao kabla yetu kuandika habari zetu wenyewe. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331, aliwekwa katika nyumba ya wanafunzi kwa amri ya sultani, akaletewa wali wa samli katika sinia kubwa la mbao, na juu yake vitoweo vya kuku, nyama, samaki na mboga. Ziliandamana na ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, na maziwa ya mgando yenye achari ya ndimu, pilipili, tangawizi mbichi na embe. Orodha ile inanukia hadi leo. Hata hivyo ni orodha ya mgeni: hamna ndani yake sahani hata moja aliyoichagua mwenyewe.

Miaka zaidi ya 500 baadaye tunaye Salim bin Abakari, ambaye safari yake ya Urusi na Siberia ya mwaka 1896 imo katika kitabu *Safari za Wasuaheli*, kilichochapishwa na Carl Velten mwaka 1901. Wahakiki humsoma Salim kama Mswahili anayeitazama Ulaya kwa jicho lake, na ni haki wamsome hivyo. Lakini Salim hakuwa mgeni wa mtu. Alikuwa mtumishi wa mgeni. Nafasi hiyo ina mlo wake na saa zake za kula, na wala si yeye anayezipanga.

Kuna chakula cha tatu, ambacho si cha karamu wala si cha posho. Msafiri yuko katika mji asiojuana na mtu, jua limekuchwa, amechoka kustaajabu. Anaupita mkahawa wenye vitambaa vyeupe na kwenda kutafuta kitu chenye chumvi, mafuta na moto. Mtu wa Quebec ataulizia poutine: chipsi zilizotiwa vidonge vya jibini changa na kumwagiwa mchuzi mzito wa kahawia. Chakula hicho kilizuka vijijini huko katika miaka ya 1950. Mji wa Warwick unamtaja Fernand Lachance na mwaka 1957, ingawa Drummondville nao wana madai yao. Kwa muda mrefu kilichekwa kuwa chakula cha washamba. Kilipoanza kupendwa, kikaitwa chakula cha taifa la Kanada, na mtafiti Nicolas Fabien-Ouellet akauliza swali zuri: waliochekwa kwa ajili yake wamekwenda wapi katika jina hilo jipya?

Swali hilo linatuhusu. Chipsi mayai za Dar es Salaam vijana waliziita zege, na sitiari hiyo ni kamili kuliko nyingi ninazozisoma katika diwani: viazi ndio kokoto, yai ndiyo saruji, kikaango ndicho fomu. Waliolitunga jina hilo hawakutia sahihi zao popote. Huko Unguja nako, urojo umepata jina la pili kwa ajili ya wageni, Zanzibar Mix, na kila jina hilo linapoandikwa kwenye ubao wa duka, ule mchuzi mwepesi wa manjano wenye ukali wa ndimu na embe unasogea hatua moja kutoka kwa mtu anayeunywa jioni akiwa amesimama.

Lawama yangu ni kwa fasihi ya ughaibuni pamoja na sisi tunaoihakiki. Tumekubali kwamba kumbukumbu ya nyumbani ni pilau au biriani. Ni vyakula vitukufu, sibishi. Lakini ni vyakula vya hadhara, na nadra mtu kupika sufuria ya biriani kwa ajili ya tumbo lake peke yake. Tukiifanya biriani kuwa lugha pekee ya hamu ya nyumbani, tunaandika watu ambao nyumbani walikuwa harusini siku zote. Yule aliyekula chipsi juu ya benchi, karibu na jiko la mkaa, akisubiri basi, hana pa kukaa katika riwaya zetu.

Oud Metha ni mahali pazuri pa kulipima jambo hili. Ni mtaa wa Dubai usio na sifa za picha za watalii. Una hospitali, shule ya Kihindi, klabu ya Wairani na makanisa, na tangu 2011 una kituo cha treni cha njia ya kijani, inayopita BurJuman hadi Deira, wanakojazana wafanyabiashara wa kwetu. Katika kafeteria za mitaa ya namna hii, chai ya maziwa huitwa karak, neno lililotoka katika Kihindi, lenye maana ya kitu kikali. Pamoja nayo mtu huagiza chapati ya tabaka iliyopakwa jibini na kutiwa Chips Oman, zile chipsi za paketi zenye pilipili, zikiwa zimevunjwavunjwa. Mtu wa Kampala akiiona atakumbuka rolex yake. Wa Dar es Salaam atayatambua mapenzi yale yale ya kiazi, ila kiazi chenyewe kimekuwa vumbi. Anayeikunja mara nyingi ni mtu wa Kerala, ambaye naye yuko mbali na kwao. Hapo hakuna asili ya kurejewa, na faraja inapatikana vilevile. Nadharia inayodai kwamba chakula humrudisha mtu nyumbani ingefaa ianze kujieleza mbele ya karak hiyo.

Lakini si kila mtu anaweza kutafuta. Sheria ya Umoja wa Falme za Kiarabu ya mwaka 2017 kuhusu wafanyakazi wa majumbani, ambayo nafasi yake ilichukuliwa na nyingine mwaka 2022, ilimtaka mwajiri ampe mfanyakazi chakula na siku moja ya mapumziko kwa juma. Mhakiki aisome sheria hiyo kama anavyosoma matini nyingine. Kifungu cha chakula kinamweka dada wa Mombasa au Tanga pale alipokuwa Salim bin Abakari: analishwa. Kifungu cha mapumziko ndicho kinachompa kitenzi. Kutafuta chakula kunahitaji miguu, dirham kadhaa na saa ambazo hakuna anayekuita. Siku za ibada, umati hutoka katika kanisa la Mtakatifu Maria hapo Oud Metha, wengi wao wakiwa watu wa vibarua na wa majumbani, wakatawanyika kutafuta cha kula. Aliyenyimwa siku yake hayumo, na kutokuwamo kwake hakuonekani barabarani.

Masimulizi ya wanawake wetu walioko Ghuba hutufikia kama visa vya mateso: pasipoti imechukuliwa, mshahara umezuiwa, chakula kimenyimwa. Visa hivyo lazima visimuliwe, na vipo vingi ambavyo havijasimuliwa. Hata hivyo vinamwacha mhusika jikoni mwa mtu, akipewa au akinyimwa, na katika hali zote mbili chakula kinabaki mkononi mwa tajiri. Riwaya ya Kiswahili itakapomtoa mlangoni siku yake ya mapumziko na kumsimamisha mbele ya dirisha la kafeteria, nitataka kujua ameagiza nini, ameagiza kwa lugha gani, na kama ameomba waongeze pilipili.