Sarafu Isiyotaja Thamani Yake

Sarafu ya Uingereza ya mwaka 1977, iliyoadhimisha miaka 25 ya utawala wa Malkia Elizabeth II, naisifu kwa jambo moja na kuilaumu kwa jingine.

Mchoraji wake, Arnold Machin, alimweka Malkia juu ya farasi upande mmoja. Upande wa pili aliweka chupa yenye umbo la tai na kijiko, vyombo vya kumpaka mtawala mafuta matakatifu. Alichagua kwa busara. Kijiko hicho ni cha karne ya 12, nacho kilinusurika vyombo vingi vya kifalme vilipoharibiwa kuanzia mwaka 1649. Chombo kidogo kimebeba historia ndefu.

Lakini thamani ya sarafu, peni 25, haikuandikwa popote, wala jubilei yenyewe haikutajwa. Kwangu mimi mwalimu, pesa ni ahadi, na ahadi hutamkwa. Sarafu hizo zilitolewa karibu milioni 37. Aliyeifungia kabatini akitumaini wajukuu watarithi utajiri, angeonywa mapema na sarafu yenyewe. Heshima ya Malkia isingepungua kwa raia kuambiwa ukweli.