Kioo Kisichoona Wekundu

Siku hizi mtu akitaka picha ya Mji Mkongwe ionekane ya kale, hupiga kwa simu, akabonyeza mahali, jumba la Beit el Ajaib likageuka kahawia na mikwaruzo ikajichora yenyewe. Sina ugomvi naye. Lakini wapo wapiga picha wachache ambao bado huutafuta ukale kwa njia ndefu, na kazi yao ndiyo inayonifanya mimi, mkazi wa Singida, nikawie mbele ya picha ya ukuta wa Unguja.

Siri ya picha za kale zenyewe haipo kwenye ukahawia. Huo ulitokana kwa sehemu kubwa na karatasi zilizopakwa ute wa yai, ambazo hupata manjano kadiri miaka inavyokwenda. Siri ipo kwenye bamba la kioo. Dawa iliyopakwa juu yake, tangu kolodioni ya mwaka 1851 hadi mabamba makavu ya jelatini ya mwanzo, iliona vizuri mwanga wa buluu na nyekundu karibu haikuiona kabisa. Kwa hiyo anga likatoka jeupe pee, mawingu yakapotelea humo humo. Chokaa iliyo kivulini nayo ikang'aa, kwa sababu kivuli cha mchana huazima mwanga wake angani, nao ni wa buluu. Mlango wa msaji ukawa mweusi tii. Mji uliojengwa kwa mawe ya matumbawe na kupakwa chokaa ulikuwa kama umeagizwa kwa ajili ya kioo cha namna hiyo.

Kioo hicho hicho kilizidhulumu nyuso. Ngozi ya maji ya kunde ilitoka nyeusi kuliko ilivyo, na mtu aliyesimama mbele ya nyumba akabaki umbo tu, macho hayasomeki. Ustadi nausifu, ila hili nalo liko mle mle pichani.

Mafundi wenyewe walikuwa watu kama A. C. Gomes, mwenye asili ya Goa, aliyekuwa na studio Unguja katika karne ya 19, kisha akina Coutinho. Baadaye, mwaka 1930, Ranchhod Oza akafungua Capital Art Studio, ambayo mwanawe Rohit aliiendeleza. Fikiria jinsi Gomes alivyolazimika kufanya kazi. Ukisimama kwenye uchochoro wa Shangani ukainua simu kupata paa, kuta mbili huegemeana juu, na nafasi ya kurudi nyuma huna kwa sababu mgongo umeshagusa nyumba ya jirani. Kamera ya sanduku la mbao hailazimiki kuinama. Hukaa wima juu ya stendi yake, na ubao ulioshika lenzi ndio unaopandishwa peke yake. Fundi amejifunika kitambaa cheusi. Kwenye kioo cha nyuma nyumba imepinduka, paa chini, baraza juu. Anapandisha ubao kidogo, anatazama pembe ya ukuta, anapandisha tena, hadi paa liingie na ukuta ubaki umenyooka. Halafu anakaza skrubu, na kuanzia hapo hagusi tena.

Tundu la lenzi hufinywa ili nakshi za mlango wa karibu na dirisha la mbali vyote vionekane vizuri, na malipo yake ni muda. Hapo mpita njia anapotea. Anayetembea hakai mahali pamoja kiasi cha kuacha alama kwenye dawa; aliyeketi barazani ndiye anayebaki. Kwa hiyo ukiona picha ya kale ya Forodhani iliyo tupu, usiamini haraka kwamba bandari ililala.

Picha hizo hufanya na kazi ya ushahidi. Beit el Ajaib ilijengwa na Sultani Barghash mwaka 1883, na mnara wa saa ulisimama peke yake mbele, ukiwa pia taa ya kuongozea vyombo. Tarehe 27 Agosti 1896 mizinga ya Waingereza ikauharibu, na mnara mpya ukaja kuunganishwa na nyumba yenyewe. Ukiuona mnara umejitenga, picha ni ya kabla ya siku hiyo. Na tangu tarehe 25 Desemba 2020, sehemu kubwa ya mbele ilipoporomoka na kuua wafanyakazi wawili, negativu za zamani zimepata uzito mwingine: ndizo zinazoonyesha nguzo ipi ilikaa wapi.

Nina neno moja kuhusu mwanga. Wapiga picha hulikimbia jua la utosi, na wana haki. Lakini kwenye kichochoro chembamba ni saa hiyo tu ndipo jua linashuka likiparuza mlango kutoka juu, na kila ua la nakshi linapata kivuli chake. Atakayengoja jioni atakuta mlango bapa.

Sasa turudi bara. Msafiri James Grant alipiga picha Unguja mwaka 1860, kisha akaandamana na mpelelezi Speke kupita Ugogo na kuivuka Mgunda Mkali, nyika ambayo leo tunaijua kama Manyoni na Itigi. Bara alishika penseli na rangi za maji. Kolodioni ilitaka bamba lipakwe, lipigwe na lisafishwe likiwa bado bichi, pamoja na hema la giza na maji safi. Ni kazi ngumu kuifanya njiani. Wapiga picha wa Kijerumani kama Walther Dobbertin, aliyefanya kazi nchini kuanzia 1906, walikuja na mabamba makavu.

Nimejaribu mtindo wa pwani huku kwetu: filamu ya nyeusi na nyeupe, na kichungi cha buluu mbele ya lenzi ili kuiga kioo cha kale. Kwenye ukuta wa chokaa mambo yalikwenda sawa. Kwenye nyumba ya tembe ya udongo mwekundu nilipata gogo jeusi: fito hazionekani, nyufa hazionekani, alama za vidole vya aliyekandika zimezama. Kwa tembe, basi, natoa buluu naweka kichungi cha chungwa; udongo unafunguka, anga linakolea, na vidole vinarudi. Wapenzi wa ukale halisi watanung'unika kwamba hakuna bamba la wakati wa Gomes lililoona hivyo. Ni kweli, lakini wao kuta zao ni nyeupe.