Mshika Nne

Mshika mbili, walisema wahenga, moja humponyoka. Mimi nimeshika nne. Nyuma ya mlango wangu hapa Katwe, Kampala, kwenye msumari niliopigilia juu kwa kuogopa maji ya mvua, inaning'inia mifuko minne ya kufumia, na hakuna hata mmoja wenye kazi iliyokwisha. Wageni wakiiona hucheka. Jirani yangu, fundi wa kuchomelea, hacheki.

Mfuko wa kwanza una sweta la shule la kijana wangu, la bluu. Sweta hilo halitaki akili: mstari wa mbele, mstari wa nyuma, mpaka kwapani. Ndiyo kazi ya kwenye matatu, ambayo hapa tunaiita taksi. Foleni ya jioni ikishikamana pale Kibuye, nafuma upana wa vidole vinne kabla konda hajadai nauli. Sindano ziwe fupi tu, usije ukamchoma mwenzio ubavuni. Wa pili una kofia na soksi za mtoto mchanga. Wa tatu una kitambaa cheupe cha kiti, kazi ya kulabu, ambacho Waganda wanakiita ekitambaala, yaani neno letu lililovishwa gomesi, gauni la kwao. Hicho kinataka mikono safi na mwanga wa mchana, kwa hiyo husubiri Jumapili. Wa nne una shali ya matundu matundu ambayo kila mstari wake una hesabu yake. Hiyo imelala tangu mwaka juzi, wala sioni haya.

Masweta ya nini, mtu atauliza, karibu hivi na ikweta? Kampala iko kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Muulize mtoto anayekwenda shule kwa miguu asubuhi ya Aprili, mvua ikiwa imenyesha usiku kucha.

Sasa nimrudie fundi. Katwe ni mtaa wa chuma. Mageti, majiko, mashine za kusaga, mashine za bisi: vitu ambavyo kwingine hutoka kiwandani, hapa huchorwa kwa chaki sakafuni na kuanza kukatwa. Ukiingia uani kwake utaona geti lenye ubavu mmoja, jiko lisilo na miguu, mashine ya bisi iliyo wazi tumbo. Utadhani ni mtu asiyejua kumaliza. Lakini geti linamsubiri mwenye nyumba alete nusu ya pesa iliyobaki. Mashine inasubiri mota. Jiko linasubiri umeme urudi, na umeme ukikatika yeye huweka chini vifaa vya kuchomelea na kushika nyundo, maana nyundo haina waya. Angeshikilia geti tu, wanawe wangelala njaa. Na mimi ni vivyo hivyo: taa zikizimika, kitambaa cheupe kinarudi msumarini na sweta la bluu linashuka, kwa kuwa hilo vidole vyangu vinalijua gizani.

Ni yeye aliyenitengenezea sindano za soksi. Nilimpelekea njiti tano za gurudumu la baiskeli, kama zile ambazo watoto wengi wa vijijini wamejifunzia kufuma. Akazikata vichwa, akazichonga ncha, akazisugua kwa msasa, kisha akaipitisha kila moja shavuni mwake taratibu, kama mtu anayejaribu wembe. "Mama, ikikwaruza uzi nirudishie." Haikukwaruza. Soksi hufumwa kwa mzunguko: njiti nne zimebeba vitanzi na kutulia, ya tano ndiyo inayotembea. Ikimaliza upande mmoja, iliyoachwa wazi inageuka kuwa ya tano. Nilipomwonyesha akatazama uani kwake, kisha akanitazama mimi.

Mtaa huu dunia iliujua zaidi kwa sataranji, kwa Phiona Mutesi aliyefundishwa na Robert Katende, na kwa filamu ya Mira Nair ya mwaka 2016. Mabingwa wa mchezo huo huweza kucheza na watu ishirini kwa wakati mmoja, wakihama meza hadi meza. Sijasikia mtu akiwasomea methali.

Kilichonifanya niipende kazi hii zaidi ya zote kimo ndani ya neno lenyewe: kufuma, kufumua. Chuma kilichokatwa vibaya ni hasara, lakini uzi hurudi ulikotoka. Ile shali ilikuwa sweta la mwanamume, la mitumba, nililolinunua soko la Owino. Ukienda kununua sweta la kufumua, ligeuze ndani kwanza utazame mishono. Kingo zikiwa zimekatwa kwa mkasi, liache. Utaambulia vipande vifupi vifupi. Zikiwa zimefumwa mpaka mwisho, umepata uzi mmoja mrefu. Uzungushe kwenye mgongo wa kiti, ufunge sehemu nne, uoshe, uutundike na kitu kizito chini ili mikunjo inyooke. Wangu niliufungia kufuli.

Wahenga hawakukosea kabisa. Kuna mtoto wa jirani aliyezaliwa kofia yake ikiwa bado na ukubwa wa kisahani, kwa sababu nilikuwa nimenogewa na shali. Alivaa ya kuazima. Kuna siku pia nilirudia soksi baada ya mwezi mzima nikakuta sikumbuki nilikuwa mstari wa ngapi, nikafumua mpaka kwenye kisigino. Tangu hapo kila mfuko una kipande cha karatasi chenye namba ya mstari, kimebanwa kwa pini ya nepi. Nikishindwa kuandika namba, sina ruhusa ya kubadilisha mfuko.

Shule zinafunguliwa Jumatatu. Karatasi ya mfuko wa bluu inasema mstari wa 31, mkono wa kushoto.