Uzee Huanzia Mfupani

Anayejifunza kuchonga sura kwenye kompyuta, ukimwambia amzeeshe mtu, hukimbilia makunyanzi. Huchukua uso wa kijana, akauchora mistari kwenye paji na pembeni mwa macho, kisha akapaka mvi. Atokeaye ni kijana aliyejipaka uzee usoni.

Fundi wa kweli huanzia mfupani. Anajua kuwa miaka hupanua matundu ya macho kwenye fuvu na kuupunguza mfupa wa taya, hasa meno yakishang'oka. Mafuta ya shavuni huteremka, panja zikabonyea. Ncha ya pua huinama, masikio hurefuka, mdomo wa juu hukonda. Yote hayo huyachonga kwa brashi pana, ngozi ingali laini, bila kunyanzi hata moja. Mtazame mtu wake wakati huo: keshazeeka. Hatua hiyo ndiyo naistahi kuliko zote.

Makunyanzi huja baadaye, nayo yana kanuni. Hukingama na msuli unaoyazaa: ule wa paji huvuta kwenda juu, ndiyo maana mistari yake hulala. Hapo fundi huzima kile kifaa cha programu kinachonakili shavu moja kwenda la pili, kwa kuwa hakuna binadamu aliyecheka, akalala na kupigwa jua sawasawa pande zote mbili.

Filamu ya The Curious Case of Benjamin Button, aliyoiongoza David Fincher mwaka 2008, imeonyesha ufundi huu unaweza kufika wapi. Wachongaji Kazu Hiro na Rick Baker walimchonga mwigizaji Brad Pitt kwa mikono, akiwa mtu wa miaka 60, 70 na 80. Kampuni ya Digital Domain ikaziingiza sanamu hizo kwenye kompyuta, ikapachika kichwa cha kidijitali kilichotokana nazo juu ya miili ya waigizaji wengine. Mwaka 2009 kazi hiyo ilipata Oscar ya athari za picha.

Mimi humtazama mzee huyo wa filamu macho kwanza. Kope ya chini ya mzee hulegea, ukingo wake wenye unyevu ukaonekana. Sehemu yenye rangi ya jicho huweza kuzungukwa na duara jeupe lililofifia. Kisha nangoja acheke. Tabasamu ni la Pitt mwenyewe, aliyeliigiza mbele ya kamera, na mashavu yanayolibeba ni mazito, yamelegea, yanapanda kwa shida.