Kijibomba cha shaba kinachounguza Beetle

Volkswagen Beetle ya zamani ikiungua, lawama ya kwanza huuangukia mpira wa petroli. Mara nyingi ni haki: mpira wa asili umevishwa kitambaa cha nyuzi, na nyufa hujificha chini yake. Lakini fundi anayebadilisha mipira pekee amemwacha mkosaji mwingine palepale, kile kijibomba cha shaba ya njano kinachoingiza petroli kwenye kabureta ya Solex.

Kijibomba hiki hakikufungwa kwa nyuzi za skrubu. Kiwandani kilishindiliwa tu ndani ya kifuniko cha kabureta, kikashikwa na ubanaji wa tundu lenyewe. Kifuniko ni cha aloi laini. Joto, baridi na mtetemo wa miaka mingi hulilegeza tundu. Kijibomba kikichomoka injini ikinguruma, pampu huendelea kumwaga petroli jirani na distribyuta yenye cheche. Bloku nayo ni ya aloi ya magnesi, na magnesi ikishashika moto, maji huuchochea.

Dawa yake ni kazi ya mchana mmoja. Toa waya wa betri, chini ya kiti cha nyuma, kisha ziba mpira unaotoka kwenye tangi, maana tangi liko mbele na petroli hushuka yenyewe. Kifuniko kitolewe garini kabisa, na vali ya sindano ifunguliwe kabla ya kutoboa, la sivyo chenga zitaingia humo. Chomoa kijibomba, kata nyuzi kwenye tundu, funga nipeli ya skrubu kwa gundi isiyoyeyushwa na petroli. Wapo wanaokirudisha kilekile kwa gundi tu. Mimi naamini nyuzi.

Ukibadilisha na paipu ya petroli, mpya iwe ya chuma, au ya shaba iliyochanganywa na nikeli. Shaba nyekundu tupu hupindika kirahisi, ndiyo maana mafundi huipenda, ila mtetemo huikakamaza hadi ipasuke. Ncha ziwe na ukingo ulioinuka ili mpira usiteleze, na paipu inapopenya bati iwekewe ringi ya mpira.

Chujio la plastiki lisining'inizwe kati ya pampu na kabureta. Uzito wake hukivuta kijibomba kilekile. Lihamishie chini, mbali na joto la injini.

Ukimaliza, iache injini ipate moto, izime, kisha kagua kila kiungo kwa kitambaa kikavu. Kikilowa hata kidogo, gari lisitoke.